Mkulo wa Hondohondo

Irindi, Upare
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Anderson,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama zitabaki.

Leo baada ya misa katekista alisimama kusoma matangazo. Nilikuwa nimekaa nyuma ya wanakwaya, rozari mkononi, sina habari. Akasema, "Tunaishukuru familia ya marehemu mzee Eliakunda, kupitia kijana wao Anderson aliyeko Same, kwa kutoa miti mitatu ya mkulo ya mabenchi ya kanisa jipya." Watu wakapiga makofi. Mama Blandina akanigeukia, akanishika mkono: "Hongera mama Ernesta, mmetupa heshima." Nikatabasamu kama mjinga. Ningefanyaje? Ningesimama mbele ya altare niseme kwamba sijui?

Anderson, ule msitu juu ya nyumba baba hakukuachia wewe. Alituachia watatu: mimi, wewe na Lukasi, na sasa Lukasi hayupo, sehemu yake ni ya mkewe Mwanamkasi. Umetoa sadaka kwa mkono wangu bila kuniuliza. Mtu akikamata kuku wa jirani akampelekea padri, tunamwitaje?

Halafu kuna jambo ambalo ungelijua kama ungeuliza. Kwenye ule mkulo mkubwa, ule ambao ukichubua gome lake linanuka dawa ya kuchua, kuna hondohondo. Jike aliingia kwenye tundu mwezi uliopita, wakaliziba kwa udongo, umebaki ufa mwembamba tu. Dume ndiye anayemlisha kupitia hapo. Yumo humo ndani na mayai yake, na hatoki mpaka kinda akue. Ukiangusha mti unamwangusha naye.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Barua huwezi kuikatiza. Nimempa dereva wa gari letu akukabidhi mkononi, kwenye duka lako la samani.

Nijibu kwa maandishi.

Dada yako,
Koleta

*

Same Mjini
14 Oktoba 2024

Dada Koleta,

Shikamoo.

Barua yako nimeipokea mbele ya wateja. Dereva alisema kwa sauti, "Mzee, dada yako kaniagiza nisiondoke mpaka nione umeifungua." Umenitia aibu, lakini wewe ni mkubwa wangu, nanyamaza.

Sikutoa kwa jina langu. Nilitoa kwa jina la baba. Siku ya harambee watu waliotoka Dar na Moshi walisimama mmoja mmoja, huyu anaahidi saruji, huyu mabati, kisha wote wakanigeukia mimi. Ningesema familia ya mzee Eliakunda haina kitu? Wajukuu zake watakaa kwenye mabenchi hayo, na watoto wao. Miti ile imezeeka. Tusipoikata itajiangukia yenyewe na kuoza.

Kuhusu ndege: dada, hondohondo wakubwa walikwisha huko tukiwa bado tunachunga mbuzi. Unaowaona ni hawa wadogo wa huku chini, wenye mdomo mwekundu. Hapa Same wapo mpaka nyuma ya choo changu, na wao pia huziba matundu yao kwa udongo hivyo hivyo. Joto limewapandisha mlimani, basi. Na wewe mwenyewe ulisema jicho la kulia limeingia mtoto wa jicho. Madaktari wa macho watakuja Same mwanzoni mwa Desemba, nitakuandikisha.

Shemeji Mwanamkasi ameshakubali. Tumebaki tunakusubiri wewe.

Mdogo wako mtiifu,
Anderson

*

Irindi
20 Oktoba 2024

Wifi Mwanamkasi,

Sitaki kuzunguka. Kaka yangu alipofariki, ulilala kitandani kwangu mimi nikalala chini. Nilikulisha uji kwa kijiko. Leo nasikia kwa Anderson, si kwako, kwamba umekubali mikulo ya baba ikatwe, na kiota cha hondohondo kikiwa juu yake.

Kumbe mimi napiga kelele huku ninyi mmeshamaliza. Kama ni mabenchi ya kanisa, hilo kanisa wewe hata huliingii, una msikiti wako. Alikuahidi nini? Au ni kwa sababu huku kwetu huji siku hizi, ukaona msitu ni kitu cha watu wa mlimani?

Nimeumia. Sijui niseme nini zaidi.

Koleta

*

Kihurio
27 Oktoba 2024

Wifi Koleta,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimefunzwa adabu, si kwa sababu moyo umenituma.

Barua yako niliisoma nikiwa jarubani kwenye mpunga, matope magotini, nikataka kuitupa kwenye mfereji. Hivi wewe unaweza kunidhania hivyo? Anderson alinipigia simu mwezi wa tisa. Haya ndiyo maneno yake, neno kwa neno: "Dada ameshakubali. Tumebaki tunakusubiri wewe, shemeji." Nikasema kama wifi amekubali, mimi ni nani wa kukataa? Sasa niambie nani kamgeuka nani.

Hukuniuliza. Ulimkasirikia Anderson kwa kutokukuuliza, na wewe ukafanya hivyo hivyo kwangu. Hilo la msikiti nalo ungelimeza.

Sasa tuongee mambo ya maana. Unasema hondohondo. Hondohondo yupi? Huku kwetu wadogo tele, wanaruka kwenye migunga, na jike hujifungia ndani vilevile. Anderson hapo hakudanganya. Kama ni hawa, wifi, waache watu wapate mabenchi yao, maana hawa hata wakikosa mti mmoja watapata mwingine. Lakini marehemu alinisimulia wale wakubwa. Alikuwa akisema wakipita unaacha jembe na kuangalia juu. Kama ni wale, basi ni jambo jingine, na mimi nitasimama.

Usinitumie hasira. Nitumie ndege. Nenda kamwangalie mgongo wake anaporuka, bawa lake, na mdomo wake una nini juu. Kisha niandikie ulichokiona, si unachokitaka.

Wifi yako,
Mwanamkasi

*

Irindi
10 Novemba 2024

Wifi yangu,

Nisamehe. Kuhusu msikiti nisamehe mara mbili. Nilipomaliza kusoma barua yako nilikaa jikoni nikijisikia mdogo.

Nimekwenda. Nilikwenda asubuhi kadhaa, maana mara ya kwanza ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na mara ya pili dume alinikuta nakohoa akageuka njiani. Nikatafuta mahali nyuma ya migomba ya mama Blandina, pakavu, ninapoona tundu bila yeye kuniona. Nilifumba jicho bovu nikatumia zima.

Kwanza unamsikia. Bado hajafika, unasikia mabawa: fuu, fuu, fuu, kama mtu anapuliza mvukuto wa mhunzi angani. Wale wadogo wa huko kwenu wana mvumo huo? Hata kidogo. Kisha anatua, na tawi linainama. Ni mkubwa kuliko jogoo. Mwili mweusi, jua likimpiga unang'aa kijani. Mdomo si mwekundu. Ni wa rangi ya kahawia, na juu yake amebeba kitu kama mdomo wa pili, kipana, cha rangi ya malai ya maziwa. Mashavuni ana manyoya yenye ncha za kijivu kama ndevu za mzee zinazoanza kuota mvi.

Nikasubiri aruke. Uliniambia mgongo, basi nikauangalia mgongo. Mweupe, wifi, kuanzia kiunoni mpaka mkiani, kama mtu aliyejifunga shuka. Na mabawa ni meusi yote mpaka ncha.

Nimemwona pia anavyomlisha mkewe. Anakuja koo limevimba. Anatikisa kichwa, kuyu moja inapanda mpaka ncha ya mdomo, anaipenyeza kwenye ufa. Anatikisa tena, nyingine. Ndani unaona ncha ya mdomo inapokea. Nilihesabu mpaka nikachoka, na hakumeza hata moja yeye mwenyewe.

Tulipokuwa wadogo, jioni walipita kundi zima juu ya paa wakienda kulala, tukawa tunapiga kelele wasituchukulie mawingu ya mvua. Sasa nimebaki na hawa wawili. Mwaka jana sikuona hata mmoja.

Nimemwandikia Anderson maneno haya haya.

Koleta

*

Same Mjini
24 Novemba 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako na ya shemeji zimefika siku moja. Ya shemeji ilikuwa na mistari miwili tu: "Nilikubali uongo. Nimeondoa kukubali kwangu." Nimeipokea.

Sitaki tugombane kwa ajili ya ndege. Jambo la miti tuliache kwanza, tutakaa wote tulizungumze Krismasi. Sasa tuangalie afya yako. Madaktari wa macho wanaanza tarehe mbili Desemba. Nimeshakuandikisha, nauli nimempa dereva, chumba cha Eva kipo wazi tangu aende chuo. Ukae wiki nzima upumzike. Mlinzi wa kigango ataangalia ng'ombe wako, nimeshaongea naye.

Baba angefurahi kutuona hivi.

Anderson

*

Same Mjini
6 Desemba 2024

Wifi Mwanamkasi,

Naandika kwa jicho moja, lingine limefungwa, kwa hiyo mistari ikipanda mlima nivumilie. Wamenitoa ule utando. Daktari, binti mdogo mwenye mkono mwepesi, alisema nitaona mpaka nichukie.

Anderson ananitunza, lazima niseme ukweli. Samaki kila siku, maji ya moto, mto wa ziada. Jana aliniambia, "Dada, mimi na wewe tumebaki wawili tu," machozi yakamlenga. Hasira zangu zimepungua. Nadhani alibanwa na aibu ya harambee akasema asichokiwaza, ndivyo tulivyo wote.

Biashara zake tu hazimwachi. Leo asubuhi tukinywa chai simu iliita, akatoka uani. Nikamsikia anasema, "Hao ni wa huku huku tu, hawana shida, endeleeni." Nikamuuliza nani. Akasema mafundi, kuna mzigo wa wateja.

Keshokutwa wananifungua bandeji. Alhamisi nitapanda mlimani.

Koleta

*

Irindi
12 Desemba 2024

Anderson,

Gari lilipokata kona ya mwisho nililiona pengo. Jicho ulilonitibia ndilo lililoliona kwanza. Mahali penye kilele cha mkulo pana anga tupu.

Ulinitoa nyumbani kwangu. Ulinilaza kwenye kitanda cha mwanao, ukanichambulia samaki, ukanililia machozi, ili wapasua mbao wako wafanye kazi bila mwanamke mzee kusimama chini ya mti. Kila siku niliyokushukuru, walikuwa na mashine yao juu ya nyumba yangu. Na nilikushukuru, Anderson. Nilimwandikia wifi nikakusifu!

Nimemkuta Loth, msimamizi wao, anapanga mbao. Hakukimbia. Aliniambia, "Mama, mimi niliambiwa warithi wote wamekubali. Tulipouona udongo kwenye tundu nikapanda kilima kutafuta mtandao, nikampigia bosi. Akasema hao ni wa huku huku, endeleeni." Kwa hiyo ulijua. Hukuangusha mti kwa kutojua. Uliulizwa, kikombe cha chai mkononi, nami nikiwa nimekaa mezani kwako.

Nisikilize sasa, maana huwezi kunikatiza. Mti ulipasukia kwenye tundu. Kinda alikuwa mmoja, macho yamefunguka, manyoya bado miiba. Alikufa palepale. Mama yake alitoka anaburuta bawa. Loth alijaribu kumshika, ndege akamchana kidole mpaka mfupani, kisha akajikokota kwenye magugu ya bondeni. Asubuhi walikuta manyoya tu.

Na dume amekuja jioni hii. Mvumo ule ule. Alikuja moja kwa moja mpaka mahali palipokuwa na tundu, hewani, akapigapiga mabawa hapo kwenye hewa tupu, koo limejaa kuyu. Akazunguka. Akarudi tena. Nilifumba macho yote mawili, zima na lililotibiwa.

Ile mikulo miwili iliyobaki, anayetaka kuigusa aanze na mimi.

Koleta

*

Irindi
16 Desemba 2024

Wifi yangu,

Nakushukuru kwa simu. Ulilia na mimi nikalia, hatukuongea kitu. Sasa nikueleze ya jana kwa utaratibu.

Padri alikuja kigangoni, misa ya Majilio. Mbao zilikuwa zimepangwa uani mwa kanisa, mpya, harufu ya kamfa imejaa mpaka kwenye vitabu vya nyimbo. Anderson alikuja na gari, suti nyeusi. Baada ya misa tukatoka wote ili Padri azibariki. Akauliza, nadhani kwa desturi tu, "Familia mpo pamoja katika sadaka hii?"

Anderson akasema, "Tupo, Padri."

Nikasema, "Hapana."

Wifi, watu wote walinigeukia. Katekista akaninong'oneza, "Mama Ernesta, si hapa." Nikamwambia, "Mlitangaza hapa, nitasema hapa." Nikasema yote. Kwamba sisi ni watatu na wawili hatujakubali. Kwamba nilipelekwa Same nitibiwe macho ili nisione. Nikawaeleza habari za yule aliyekuwa amefungiwa ndani ya mti.

Wengine waliguna. Mzee Abdulrahmani wa dukani, aliyekuwa anapita tu njiani, alisimama akavua kofia. Lakini mama mmoja wa kwaya, sitamtaja, alisema kwa sauti, "Yaani tukae kwenye matofali kwa ajili ya kunguru?" Na watu wakacheka, wifi. Walicheka. Hilo ndilo lililonichoma kuliko mti.

Padri hakucheka. Alimtazama Anderson, kisha akamrudishia mtumishi maji ya baraka. "Sadaka yenye ugomvi siiwekei mikono," akasema. "Malizaneni kwanza." Akapanda gari lake.

Anderson alinipita bila kunisalimu. Nilimwona anapanda njia ya nyumbani kwa baba, peke yake, viatu vyake vya mjini vinateleza. Sikumfuata.

Leo watu hawaniamkii vizuri. Wanasema nimewanyima mabenchi ya Krismasi. Na wakae chini, wataona wadudu.

Koleta

*

Same Mjini
5 Januari 2025

Dada,

Shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Kwanza nilikuandikia kwa hasira, na hasira bado ninayo, nisikufiche. Ulinivua nguo mbele ya kigango kizima. Ungeweza kuniita pembeni. Mke wangu haendi jumuiya kwa aibu. Mtu aliyejenga jina lake dukani miaka yote unambomoa kwa neno moja?

Lakini siku ile nilipanda msituni. Nilitaka kuona kisiki nijue bado mbao ngapi zimebaki. Nilikuwa nimesimama juu yake nilipousikia ule mvumo. Nikadhani ni upepo. Akapita juu ya kichwa changu, karibu kabisa, akageuka.

Dada, mgongo ni mweupe.

Nilirudi garini nikakaa. Nimekuwa nikijiambia kwamba Loth hakueleza vizuri, kwamba simu ilikuwa inakatika. Haikukatika. Nilisikia alichosema. Nilitaka wawe wadogo, kwa hiyo wakawa wadogo.

Nimewaambia kanisani nitaleta mabenchi ya mkaratusi kutoka dukani kwangu, yametengenezwa tayari. Zile mbao sijui zifanywe nini. Niambie wewe.

Kuhusu mikulo miwili, andikeni karatasi wewe na shemeji, nitasaini bila kusoma.

Anderson

*

Irindi
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mdogo wangu Anderson,

Asante kwa karatasi. Imefika na saini yako, na mwenyekiti wa kijiji ameipiga muhuri. Wifi Mwanamkasi alipanda kutoka Kihurio kuja kuweka saini kwa mkono wake, akakaa nami siku nne, akasema maji ya mfereji wao yanatoka kwenye mizizi hii na hakujua mpaka alipoikanyaga.

Mbao zako bado zipo uani, zimefunikwa turubai. Hakuna anayezitaka na hakuna anayethubutu kuzichoma. Mabenchi ya mkaratusi ni mazuri. Mimi pia nayakalia. Usifikiri nimekusamehe kwa sababu nakaa. Siku zingine nikiliona pengo lile nakukasirikia upya, kana kwamba ni jana. Lakini uliandika kwamba ulisikia, na hilo naliheshimu, maana wengi wangeendelea kusema simu ilikatika.

Uliniuliza habari za ndege. Dume alikuja mwezi wa nane, peke yake. Alikaa kwenye mkulo wa pili tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, anachungulia tundu lililoko juu, anaingiza kichwa, anatoa. Alilia kidogo. Nikawaza labda kuna jike mahali, labda msitu wa Shengena, labda atasikia. Akarudi mara mbili tatu, kila mara peke yake. Mwezi wa tisa ukaisha, hakuna udongo kwenye tundu. Sasa hata yeye simsikii. Naamka kabla ya kuku, nakaa nyuma ya migomba na macho yangu mazuri uliyonipa, naangalia miti miwili ambayo hakuna mtu atakayeikata.

Leo tukitoka kanisani katekista ameniuliza, kwa upole tu, hana ubaya: "Mama Ernesta, mbona hatuwasikii ndege wako siku hizi? Wamekwenda wapi?"

Ndege wangu. Walipokuwa wanapita juu ya kijiji kizima walikuwa kunguru, walikuwa wa huku chini, walikuwa ubovu wa macho yangu. Leo hawapo, ndipo wamekuwa wangu.

Dada yako,
Koleta